Sanduku Lililoamka Baada ya Amina

Nilizisikia zile diski kabla sijaziona. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya ofisi yetu pale Njombe, kikombe cha chai mkononi, ukungu wa asubuhi ukiwa bado umelalia madirisha, na nyuma ya mlango wa kijani kitu kikaanza kuchakura. Kilianza polepole, kama kuku mmoja anayetafuta punje kwenye majani makavu. Wakaja kuku wawili. Mara likawa banda zima, makucha juu ya makucha, hadi chai yangu nikaisahau.

Mlango ukafunguka. Dada Fundi, mtunza kompyuta wetu mpya, akatoa kichwa, miwani imempanda hadi kwenye paji la uso.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Panya?"

"Afadhali wangekuwa panya. Panya ningewatega."

Akanivuta ndani. Chumba kile zamani kilikuwa stoo ya mbegu za viazi, na harufu ya udongo mbichi ilikuwa haijakubali kuhama. Ukutani palisimama kabati la chuma lenye mashine mbili nyeusi, na chini yake sanduku pana lenye diski kumi na mbili, kila diski na kitaa chake cha kijani. Hapo ndipo kelele zilipotoka. Vitaa vyote kumi na viwili vilikuwa vinapepesa ovyo, kama macho ya watu walioamshwa na moto.

"Hao ndio kuku wangu," alisema. "Kila siku ya kazi, asubuhi hii hii. Wanachakura mpaka karibu saa nne, halafu wanatulia wenyewe. Na wakichakura, ofisi nzima inakufa."

Hilo la ofisi kufa sikuhitaji kuambiwa. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa barua. Ofisi yetu ilihudumia wakulima: tulipima udongo, tulisajili mashamba ya viazi na parachichi, tulitoa vibali vya mbegu. Mkulima alikuja dirishani na swali, akaondoka na barua, na barua hiyo niliichapa mimi. Asubuhi nilikuwa nafungua barua moja, kisha nakaa nikitazama kaduara kakizunguka katikati ya kioo. Kanazunguka, kanazunguka. Nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza siku hizo, na nakiri kwamba sura mbili nzima niliziandika kwa kalamu, kwenye daftari lililofichwa chini ya kibodi, nikisubiri kaduara.

Kabla ya Dada Fundi kuja, kila mtumishi alikuwa na kompyuta yake chini ya meza, na kila kompyuta ilikuwa na ugonjwa wake. Yeye alimshawishi mkurugenzi aziondoe zote. Mezani pakabaki kioo, kibodi na kijisanduku kidogo mfano wa kiberiti cha jikoni. Kompyuta yenyewe haikuwa mahali popote pa kushikwa. Ilikuwa pepe, inaishi pamoja na wenzake ndani ya zile mashine mbili nyeusi, na kila kilichokuwa chake, kuanzia kibali cha mkulima hadi picha ya mjukuu wa mtu, kililazwa kwenye lile sanduku moja la diski. Tulikuwa watumishi thelathini na mmoja, ishirini na sita Njombe na watano kwenye tawi letu la Makambako, na wote tulikuwa tunakula kwenye sinia moja.

Miezi mitano ya kwanza, kipindi watumishi wakihamishwa wachache wachache, mambo yalikwenda vizuri. Wiki ya kuhamisha wa mwisho ndiyo kuku walipoanza.

Sasa karibu mwezi ulikuwa umepita, na ilikuwa wiki ya mwisho ya majaribio yake. Aliajiriwa kwa miezi sita atazamwe. Jumatatu ile niliyosikia kelele, mkurugenzi alimwita, na mimi nilikuwepo kwa kuwa nilikuwa nimepeleka barua za kutiwa saini. Mkurugenzi tulimwita Mwalimu, maana alikuwa amefundisha nusu ya mji kabla hajastaafu, na hata sauti ya kumfukuza mtu alikuwa nayo ya kusahihisha daftari.

"Binti yangu," alisema, "mimi sijui diski. Ninachojua, mzee ametoka Ludewa tangu jana, anasimama dirishani kwa baridi hii, na karani anamwambia ngoja, kaduara kanazunguka. Ijumaa saa nne kikao cha bodi kinakaa. Kama asubuhi ya Ijumaa itakuwa kama ya leo, tunarudisha mafaili na kompyuta za zamani, na wewe tutakuombea safari njema."

"Nimekuelewa, Mwalimu."

"Usinielewe tu. Ponya."

Nje ya mlango alikuwa anasubiri Mama wa Masjala, mtunza mafaili wetu, mwanamke mpana mwenye shali mbili na bunda la funguo kiunoni. Hakuwa amejificha. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza redio yake mwenyewe.

"Mafaili yangu nimeshayapangusa vumbi," alimwambia Dada Fundi. "Usiwe na wasiwasi."

"Asante, mama. Bado siku nne."

"Mimi faili nikilivuta, linakuja. Tangu nianze kazi halijawahi kuniambia ngoja."

"Na likiliwa na mchwa?"

"Mchwa nao huwa hawazunguki!" Akacheka, funguo zikacheka naye, akaenda zake.

Niseme jambo moja kuhusu ofisi ile, kwa sababu bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Walioianzisha walikuwa watu wa kanisa, Walutheri wa hapa hapa, na desturi yao ilibaki. Kila siku, saa mbili kasoro robo, tulikusanyika ukumbini kwa sala ya asubuhi. Wimbo, neno, sala, wimbo. Saa mbili na robo tunatoka, tunatawanyika, siku inaanza. Hakuna aliyegusa kazi kabla ya sala, hata kama aliwahi. Ungeonekana kama mtu anayekula kabla ya wageni.

Desturi ya pili ilikuwa changa zaidi. Masika ya mwaka uliotangulia, radi ilipiga msonobari nyuma ya jengo, ikaingia kwa waya, ikaunguza televisheni ya bwalo. Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi jioni, Mama wa Masjala alipita chumba kwa chumba akiita, "Zima! Chomoa!" Na sisi tulizima, tukachomoa, kuanzia Mwalimu hadi mlinzi na chaja yake ya simu.

Dada Fundi hakuja kwenye sala. Alikuwa Mkatoliki, amekulia Makambako karibu na misheni, na alisema nyimbo zetu hazijui. Ukweli mwingine alioniambia ni kwamba ile nusu saa ndiyo pekee ambayo hakuna mtu aliyemgongea mlango. Alijifungia na sanduku lake, akalipima, akalikagua. Mama wa Masjala hakulipenda hilo. "Mtu asiyekaa na wenzake," alisema bwaloni, bila kumtaja, "sanduku lake litatulia vipi?"

Jumatatu ile Dada Fundi alibadilisha nyaya zote zinazounganisha mashine na sanduku. Jumanne kuku wakachakura vilevile. Akakagua diski moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nzima. Akahisi kumbukumbu ya mashine haitoshi. Akatazama, ikawa inatosha na kubaki. Alikuwa na daftari la mraba kama la mwanafunzi wa hesabu, na humo alichora, kwa kila dakika tano, muda ambao sanduku lilichukua kujibu ombi moja. Alinionyesha. Saa mbili asubuhi mstari ulikuwa umelala chini, tambarare kama bonde. Saa mbili na robo ulisimama wima, ukuta.

"Angalia," alisema, "ninalipima saa mbili, ni zima kabisa. Linanitazama kwa tabasamu. Dakika kumi na tano baadaye linaanguka kifafa."

"Labda Makambako," nilisema, kwa sababu nilitaka kusema kitu.

"Hilo nami nimeliwaza. Kesho twende."

Tulikwenda na pikapu ya ofisi, mimi nikiwa na bahasha za tawi mapajani. Makambako ni mji wa watu wanaopita. Barabara kuu inakutana na reli, malori yanapumua kando ya njia, na upepo haukomi. Unabeba vumbi, pumba na nusu ya maneno ya watu. Njombe mtu akikusalimu anasimama. Makambako anakusalimu akiwa anaenda, na salamu inakufuata nyuma.

"Kamwene!" alitusalimu dada wa dirisha la tawi kabla hatujafunga milango ya gari. Alikuwa na mkono mmoja kwenye muhuri na mwingine kwenye andazi. "Mmeleta dawa?"

"Tumeleta maswali," alisema Dada Fundi. "Niambie ugonjwa ukoje huku."

"Mimi nafika wa kwanza, saa moja na nusu, maana malori hayanisubiri. Nawasha. Inaruka kama swala! Saa mbili, inaruka. Natoa vibali kama njugu. Halafu ghafla, pu, imekufa. Hata kuandika jina la mtu, herufi inakuja kama inaletwa kwa miguu. Na wenzangu wakifika baada ya hapo ndio wanatukana kabisa."

"Ghafla saa ngapi?"

"Mbili na robo hivi. Nyie huko mnafanya nini saa mbili na robo, mnyalukolo, ndugu yangu?"

"Hatufanyi kitu," nilijibu mimi. "Tunatoka kwenye sala."

Nililisema hilo kwa mdomo wangu, nikageuka, nikauliza kama kuna andazi lingine. Hadi leo nikilikumbuka nafunika uso.

Dada Fundi alibadilisha waya mmoja uliolegea kwenye kijisanduku cha mtandao cha tawi, akaandika katika daftari, na mchana tukaenda kula kwa mama yake, nyuma ya mashine ya kusaga. Mama alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi, na alitutilia ugali na maharage kama tunaojiandaa kupanda mlima. Hakumaliza hata kuketi.

"Wamekupa barua?"

"Bado, mama. Kikao Ijumaa."

"Mbona jumuiya nimeshawaambia."

Dada Fundi aliacha tonge hewani. "Umewaambia nini?"

"Nimewaambia binti yangu ameajiriwa Njombe, kazi ya kudumu, anatunza kompyuta za watu wote. Wameshukuru Mungu. Wameimba kabisa. Sasa wewe usiniumbue."

"Mama, huwa unasubiri kwanza!"

"Nisubiri nini? Kwani wewe huwezi?"

Dada Fundi akainamia sahani. Alikula haraka haraka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaogopa. Tulipotoka alisimama kidogo mlangoni mwa mashine ya kusaga. Kina mama watatu waliingia kwa pamoja, na mmoja, kwa haraka, alimimina debe lake juu ya la mwenzake kwenye mdomo wa mashine. Mngurumo ukashuka, ukawa mzito, mkanda ukapiga mayowe.

"Taratibu!" aliita mwenye mashine. "Mmoja mmoja! Mnataka kuniulia?"

Dada Fundi alicheka kidogo, akapandisha miwani, tukaondoka.

Alhamisi niliamka na mafua makali. Mwalimu alikuwa na kanuni yake: mwenye mafua asikohoe juu ya wenzake ukumbini. Kwa hiyo, sala ilipoanza, mimi niliomba hifadhi kwenye chumba cha mlango wa kijani, kwa sababu mbili, moja ya upweke na nyingine ya joto. Mashine zile zilitoa pumzi ya moto kama jiko la mkaa, na Njombe mwezi ule hata kivuli kilikuwa kinatetemeka.

Siku hiyo kulikuwa na mhubiri mgeni kutoka Bulongwa. Tulimsikia kupitia ukuta, sauti nzuri, yenye milima na mabonde ndani yake. Dada Fundi alikaa juu ya kreti la zamani la mbegu, saa ya mkononi ameiweka gotini.

Saa mbili na robo. Tulitega masikio.

Kimya. Feni tu.

"Subiri," alisema.

Saa mbili na dakika ishirini. Vitaa vya kijani vilitulia kama nyota za mbali. Saa mbili na nusu. Alisimama taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto, akatazama kioo chake. Mstari umelala.

"Imepona," alinong'ona. Kisha akapiga kelele. "Imepona! Ni ule waya wa Makambako!" Akanishika mabega akanizungusha, na mimi na mafua yangu nikazunguka, na tukakaribia kuangusha kabati lenyewe. Akapiga simu tawini.

"Iko vipi?"

"Inaruka!" Dada wa dirisha alisikika hata kwangu. "Umeifanya nini? Nimetoa vibali mpaka wino wa muhuri umekauka!"

"Nimekaza waya. Waya mmoja tu!"

Alikata simu, akafuta miwani kwa ncha ya sweta. "Nitampigia mama," alisema. "Hapana, nitampigia kesho. Hapana, leo."

Upande wa pili wa ukuta mhubiri alifika mwisho. Wimbo wa kufunga ukaimbwa, beti zote. Ikaja baraka, ikaja amina ndefu ya watu wengi, mabenchi yakakwaruza sakafu, nyayo zikajaa korido, zikagawanyika kushoto na kulia, milango ikafunguka na kufungwa. Ofisi ikanyamaza kama dakika moja.

Kuku mmoja akachakura.

Tukatazamana. Wakaja wawili. Likaja banda zima.

Dada Fundi alikaa tena juu ya kreti, simu mkononi, na uso wake ulishuka kiasi kwamba nilitaka kusema lolote la kumfariji. Nilichokuwa nacho ni kile tu masikio yangu yalichokileta.

"Dada," nilisema, "kuku wako wameamka baada ya amina."

"Nini?"

"Leo sala imechelewa kuisha. Na wao wamechelewa kuanza."

Aliangalia sanduku, akaangalia ukuta, akaangalia saa. Kisha akafungua mlango akatoka mbio hadi chumba cha kwanza, nami nyuma yake. Makarani wanne, vichwa vinne vimeinama juu ya vioo vinne, na kwenye kila kioo kaduara. Chumba cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile. Alipokuwa anarudi alikuwa anacheka peke yake, mkono mdomoni.

"Wanawasha," alisema. "Wote. Kwa pamoja. Ee Mungu wangu, wanawasha kwa pamoja!"

Akanieleza pale pale kwenye korido, haraka haraka. Kompyuta inapoamka ina njaa kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Inatafuta vitu elfu, kama mtu anayeamka amechelewa: kiatu kiko wapi, shati liko wapi, funguo ziko wapi. Ikishaamka, haiombi mengi. Zamani kila mtu aliamsha yake, kwenye diski yake, na hakumsumbua jirani. Sasa jioni tulizima zote kwa kuogopa radi, na asubuhi, tukitoka kwenye sala kama kundi moja, tulikaa, tukachomeka, tukabonyeza, na mashine pepe karibu thelathini zikauliza kwa wakati mmoja, kwenye sanduku lile lile, kiatu changu kiko wapi. Sindano za kusoma diski zikawa zinakimbia huku na huku, zinamwanzia huyu, zinaitwa na yule. Hakuna aliyeshiba.

"Ni kama jana," alisema. "Debe juu ya debe."

"Lakini wewe umekuwa unapima kila asubuhi."

"Napima wakati mko ukumbini! Mkitoka, nabaki nimejifungia na sanduku. Hata siku moja sikuwahi kusimama kwenye korido nikaona mnavyotoka."

Mchana alimwendea Mwalimu. Aliniomba nimsindikize kama shahidi wa kuku. Kurekebisha mambo kwa kudumu kungechukua siku kadhaa, alisema, lakini kwa kesho alikuwa na ombi moja: baada ya sala, watu wasitoke kwa pamoja. Watoke benchi kwa benchi, na kati ya benchi na benchi zipite dakika tano.

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Kama wakati wa kwenda kutoa sadaka?"

"Kama sadaka, Mwalimu."

Aligeukia dirisha. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nikagundua kuwa anacheka. "Miaka yote nimewafundisha watu kutoka kwa mstari," alisema. "Basi kesho tutatoka kama sadaka."

Habari zilifika bwaloni kabla yetu. Mama wa Masjala alisimama katikati, shali begani.

"Mimi nakaa benchi la mbele tangu jengo hili linaezekwa. Nasikia eti kesho benchi la mbele ni la mwisho?"

"Ndiyo, mama," alisema Dada Fundi. "Wa madirishani watatoka kwanza, wakulima wanasubiri. Wewe faili lako likivutwa linakuja. Halina haraka."

Bwalo likalipuka. Mama wa Masjala naye akacheka kwa kulazimika. "Huyu mtoto ana ulimi," alisema. "Haya. Kesho nitakaa. Lakini kaduara kakizunguka, nitasimama mbele ya bodi nikiwa na funguo zangu mkononi."

Ijumaa nilikaa tena na mafua yangu chumbani. Dada Fundi hakukaa. Alitembea hatua tatu mbele, hatua tatu nyuma, nafasi haikuruhusu zaidi. Amina ikapita. Benchi moja likakwaruza. Nyayo chache, mlango mmoja, miwili. Kuku wawili wakachakura kwa adabu, wakala, wakanyamaza. Benchi la pili. Wawili, watatu, kimya. Tulimsikia Mwalimu ukumbini akiita, "Bado! Bado dakika mbili, kaeni!" na watu wakianzisha wimbo mwingine ili wasikae bure. Kwenye kioo, pale ambapo kila siku palisimama ukuta, sasa palikuwa na vilima vidogo vinavyofuatana, kama mashamba ya kijiji cha Yakobi ukiyatazama kutoka barabarani.

Nilikwenda kwenye dirisha langu. Mzee wa Ludewa, aliyerudi na swali jingine, alikuwa bado hajapata pa kuegemeza fimbo yake nilipompa barua. Aliisoma, akanitazama kwa mashaka.

"Ndiyo hii hii?"

"Ndiyo hii, mzee."

"Mbona upesi?"

Saa nne kikao kikakaa, nami nikaandika muhtasari. Mjumbe mmoja, mkulima mzito wa parachichi aliyeheshimiwa sana kanisani, alisikiliza maelezo yote hadi mwisho akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo," alisema, "unatuambia kosa lilikuwa sala?"

Niliacha kuandika.

"Hapana, mzee," alisema Dada Fundi. "Kosa ni langu. Nilitengeneza sanduku la watu wanaokuja mmoja mmoja. Ninyi mnakuja pamoja. Nilipaswa kujua hilo kabla sijanunua hata waya."

Mzee alifungua mikono. "Sasa utatubadilisha sisi, au sanduku?"

"Sanduku. Nipeni wiki moja."

Wakampa zaidi ya wiki. Barua yake ya ajira niliichapa mimi, na ilifunguka kabla sijashusha kikombe. Simu aliyompigia mama yake ilikuwa fupi. Nilisikia upande mmoja tu: "Nimepata... Najua ulishawaambia... Ndiyo, mama, sikukuumbua."

Wiki iliyofuata alifanya alichoahidi. Mashine pepe zikaacha kuzimwa jioni. Mtu alitakiwa kutoka tu kwenye mashine yake bila kuizima, kisha achomoe kijisanduku cha mezani kama radi inamtisha. Sanduku la diski lilikuwa na waya wake mnene wa shaba uliozikwa ardhini kuishusha radi, akatutoa nje tuuone, na Mama wa Masjala akaupiga teke kidogo kuujaribu. Zile zilizohitaji kuanza upya zilijiamsha zenyewe alfajiri, kwa zamu, kundi baada ya kundi, wakati sisi bado tunatafuta soksi. Saa kumi jioni wito wa korido ukabadilika. "Toka! Chomoa!" aliita Mama wa Masjala, na hakuonekana kukumbuka kwamba aliwahi kuita vingine.

Jumatatu baada ya wiki hiyo nilipita kwenye mlango wa kijani, kikohozi kikiwa bado kimenikaa kifuani. Dada Fundi alikuwa juu ya kreti lake, mikono ndani ya mikono ya sweta, anasikiliza. Hakukuwa na cha kusikiliza. Feni ilivuma, vitaa kumi na viwili vilikuwa vimetulia. Ukumbini watu walikuwa wameanza kukohoa na kuvuta mabenchi.

Mlango uligongwa, ukafunguka bila kusubiri jibu. Mama wa Masjala alikuwa na vitabu viwili vya nyimbo mkononi.

"Wewe! Unangoja nini? Kuku si wamelala?"

"Wamelala, mama. Lakini nyimbo zenu sizijui."

"Nani amezaliwa anazijua? Utakaa na mimi benchi la mbele. Ukipotea, fungua mdomo tu, mimi sauti yangu inatosha watu wawili."

Dada Fundi alinitazama. Nilikohoa, kumwonyesha kwamba mimi kibali changu cha kubaki ninacho. Akasimama, akapangusa vumbi la kreti kwenye sketi, akaliangalia sanduku kama mtu anayemwacha mtoto kwa jirani.

"Ukisikia chochote, uniite."

"Sitakuita."

Akapokea kitabu kimoja, akashusha miwani machoni, akatoka akimfuata yule mama wa shali mbili na funguo zinazolia. Mlango wa kijani ukajifunga nyuma yake.